Pipa Tupu Si Tupu: Istilahi za Kujaza na Kumimina Mapipa ya Kileo

Tuchukue sentensi moja nyepesi ambayo mfasiri yeyote angeweza kuiandika bila kusita: "Mapipa matupu yawekwe nyuma ya karakana." Sentensi hii haina neno gumu, haina kosa la sarufi, wala haimlazimu mtu kufungua kamusi. Hata hivyo yaweza kuua. Fundi wa kuchomelea vyuma akiisoma ataona kwamba hana la kuogopa huko nyuma ya karakana. Atawasha mtambo wake karibu na mapipa hayo, kwa kuwa ameambiwa kwa Kiswahili sanifu kwamba ndani yake hamna kitu. Kumbe mna kitu. Mna mvuke wa kileo uliosalia baada ya kileo chenyewe kutolewa, nao mvuke huo ukikutana na cheche hulipuka.

Makala haya yanakusudia kueleza vyombo vinavyotumika kujaza na kumimina mapipa katika viwanda vya kukenekea kileo, na kuonyesha ni maneno gani ya Kiswahili yanayoweza kuvitaja vyombo hivyo na hatari zake pasipo kumpotosha mtumiaji. Huenda msomaji akauliza kwa nini tushughulike na mambo ya vileo. Jibu ni kwamba hatusemi habari za ulevi. Tunasema habari za kazi. Kileo kilichokenekwa hutumika katika hospitali, maabara za shule, viwanda vya rangi na vya manukato. Huko Muhoroni, nchini Kenya, kiwanda cha kutengeneza kileo kutokana na molasi ya miwa kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya UVIKO-19, viwanda vingi vya vileo duniani viligeukia kutengeneza vitakasa mikono, na dramu za kileo kikali zikaingia katika bohari ambazo hazikuwahi kuwa nazo. Kila dramu huja na maelezo yake, na maelezo hayo ni lazima mtu ayafasiri.

Kazi yenyewe ilivyo

Hapana budi mfasiri aijue kazi kabla ya kuitafutia maneno. Mahali ambapo kazi hii imefanywa kwa muda mrefu na kwa wingi ni Uskoti. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2009, wiski ya Uskoti ni lazima ikae katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3, na pipa lisizidi ujazo wa lita 700. Aghalabu kileo kipya huingizwa katika pipa kikiwa na nguvu ya asilimia 63.5 kwa ujazo. Nchini Marekani, mapipa ya wiski ya bourbon ni mapya, yamechomwa ndani hadi kuwa makaa, na pipa la kawaida huchukua lita 200 hivi. Pipa la namna hiyo likijaa huwa na uzito unaozidi kilo 200. Kwa hiyo hatari ya kwanza, kabla hata ya moto, ni ya kuvunjwa vidole na miguu.

Pipa la mbao hutengenezwa kwa mbao nyembamba zilizopindwa, zikashikwa pamoja kwa pete za chuma. Halina gundi wala misumari. Mbao zikilowa huvimba na kuzibana. Wajenzi wa majahazi wa pwani yetu wataielewa kazi hii mara moja, kwani nao hutegemea mbao zivimbe majini, ingawa wao huongeza kalafati katika viungo. Ubavuni mwa pipa mna tundu moja, na tundu hilo huzibwa kwa kipande cha mti kinachogongwa hadi kikaze.

Ili kulijaza pipa, mfanyakazi huliweka tundu likielekea juu, akaingiza kinywa cha kujazia kinachounganishwa kwa mpira na tangi kuu. Kinywa kilicho bora ni kirefu, hufika karibu na chini ya pipa, ili kileo kisianguke kutoka juu na kurusha matone. Hukatiza chenyewe mtiririko kiwango kikifika, kama kile cha kituo cha mafuta ya gari. Kando yake huwapo mita ya kupimia kiasi kilichopita, au mizani inayolipima pipa lote. Pipa halijazwi hadi ukingoni; huachwa nafasi juu, kwa sababu kileo hutanuka kikipata joto.

Kulimimina pipa kulifanywa zamani kwa njia moja tu. Mfanyakazi aligonga mbao za pande mbili za kizibo kwa nyundo ya mbao yenye mpini unaonepa, hata kizibo kikaruka chenyewe. Kisha akalivingirisha pipa juu ya hori ndefu, tundu likaelekea chini, kileo kikabubujika. Vipande vya makaa vilivyotoka ndani ya pipa vilinaswa na kichujio. Njia hii ingali ikitumika mahali pengi, lakini ina kasoro zake: kileo hutawanyika katika uso mpana, mvuke humpanda mfanyakazi usoni, na pipa zito huzungushwa kwa mikono. Kwa hiyo viwanda vingi hutumia mrija wa kufyonzea unaoingizwa tunduni pipa likiwa limetulia. Mrija huo huvutwa na pampu ambayo mara nyingi haiendeshwi kwa umeme bali kwa hewa iliyoshindiliwa, ili pasiwepo mota ya kutoa cheche. Karibu na sakafu huwekwa matundu ya kuvuta mvuke na kuupeleka nje. Kuzunguka mahali pa kazi hujengwa tuta, ili kileo kikimwagika kisitiririke hadi kwenye mifereji ya maji machafu au jengo la jirani.

Hatari ya pili ni umeme tuli. Kimiminika kinapopita kwa kasi katika mpira na kichujio, chaji za umeme huweza kujikusanya. Zikipata njia ya ghafla hutoka kwa cheche. Ndiyo maana vyombo vya chuma, yaani pampu, kinywa, tangi na dramu, huunganishwa kwa waya, na waya huo ukaunganishwa na ardhi kabla mtiririko haujaanza. Utaratibu ni muhimu: waya hufungwa kwanza na hufunguliwa mwisho.

Kwamba tahadhari hizi si za bure, historia yashuhudia. Usiku wa tarehe 28 Machi 1960, ghala la wiski na ramu lililokuwa Cheapside Street mjini Glasgow liliwaka moto. Mapipa yalipasuka kwa joto, mvuke ukalipuka, kuta za ghala zikaangukia barabara. Watu 19 walikufa: wazima moto 14 na wenzao 5 wa kikosi cha kuokoa mali. Huko Dublin mwezi Juni mwaka 1875, wiski iliyomwagika kutoka katika ghala lililokuwa likiungua ilitiririka mitaani. Waliokufa walikuwa 13, nao hawakuuawa na moto bali na kileo walichokichota barabarani wakakinywa.

Neno "tupu"

Sasa tuirudie ile sentensi tuliyoanza nayo. Benjamin Lee Whorf, mwanaisimu wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1941, alikuwa kwa kazi yake ya kila siku mkaguzi wa majanga ya moto katika kampuni ya bima. Katika makala yake mashuhuri aliyoyaandika mwaka 1939, alieleza jambo aliloliona katika ukaguzi huo. Watu wakiwa karibu na madramu yaliyoandikwa kuwa ni ya petroli walijihadhari sana. Lakini wakiwa karibu na yale yaliyoitwa matupu, walivuta sigara na kutupa vipande ovyo. Na yale matupu ndiyo yaliyokuwa na hatari kubwa zaidi, kwa sababu yalijaa mvuke wa kulipuka. Wanaisimu wamebishana sana juu ya nadharia aliyoijenga Whorf kutokana na mifano ya namna hii, na wengine husema kwamba watu hao hawakupotoshwa na neno, ila hawakujua tu tabia ya petroli. Sisi hatuna haja ya kuamua ugomvi huo. Inatutosha kwamba asiyejua hutegemea neno, na kwamba maelezo ya usalama huandikwa kwa ajili ya asiyejua.

Katika Kiswahili jambo hili ni zito kuliko katika Kiingereza. Kivumishi -tupu hakisemi tu kwamba chombo hakina shehena. Tunaposema "uongo mtupu" tunamaanisha uongo usiochanganyika na ukweli wowote. "Wali mtupu" ni wali usio na kitoweo. "Maji matupu" ni maji na si kingine. Yaani -tupu humhakikishia msikilizaji kwamba zaidi ya kilichotajwa hakuna kitu. Anayeandika "pipa tupu" basi ametoa ahadi: hapa pana pipa, na zaidi ya pipa hakuna. Ahadi hiyo si ya kweli. Mbao zenyewe za pipa hunywa lita kadhaa za kileo katika miaka ya kukaa ghalani, na baada ya pipa kumiminwa mbao hizo huendelea kuutoa mvuke wake ndani. Pipa lililojaa lina nafasi ndogo tu ya mvuke juu ya kileo. Pipa lililomiminwa lina lita 200 za mvuke uliochanganyika na hewa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika maelezo ya kazi neno "tupu" lisitumike kabisa kwa chombo kilichokuwa na kitu cha kushika moto. Badala yake hali za pipa ziwe tatu, na kila moja iwe na jina lake: pipa lililojaa, pipa lenye mvuke, na pipa lililosafishwa. Pipa lililojaa likishamiminwa huwa pipa lenye mvuke, si pipa tupu. Haliwi pipa lililosafishwa mpaka lioshwe, lipimwe, na mwenye dhamana aridhike. Mfasiri akikuta katika matini ya kigeni neno lenye maana ya "tupu", na ajiulize ni lipi kati ya haya mawili ya mwisho linalokusudiwa. Na asipoweza kujua, na aandike "lenye mvuke". Kosa la kumtahadharisha mtu bure ni dogo kuliko kosa la kumtuliza bure.

Neno "mvuke"

Lakini hata neno "mvuke" lina mtego wake. Kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, mvuke ni ule unaopanda kutoka katika birika linalochemka: huonekana, una joto, na hupaa. Mvuke wa kileo hauna hata sifa moja ya hizo. Hauonekani, hutoka katika kileo kisichochemka, na ni mzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu hivi, hivyo hushuka, hutambaa sakafuni, na kuingia katika mifereji na mashimo. Ukiwa kati ya asilimia 3.3 na asilimia 19 ya hewa iliyopo, huwaka. Jambo la kutatiza zaidi ni kwamba katika kiwanda cha kukenekea mna mvuke wa aina zote mbili: ule wa maji unaopasha mitambo joto, na ule wa kileo. Kwa hiyo agizo la "kuzuia mvuke" halimwambii fundi ni upi. Tunashauri neno hili lisiachwe peke yake. Daima liandikwe "mvuke wa maji" au "mvuke wa kileo". Lisibadilishwe kwa "moshi", kwa kuwa moshi ni dalili ya moto uliokwisha kuwaka, nao mvuke ni onyo la moto usiowaka bado.

Walimu wa sayansi wanaweza kufanya kazi kubwa hapa. Watanzania hawawezi kuisahau siku ya tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipopinduka na moto ukawaua watu zaidi ya 100. Petroli na kileo ni vitu viwili tofauti, lakini somo ni moja: kinachoshika moto ni mvuke, nao huenea mbali kuliko dimbwi ambalo macho huliona. Mtoto anayefundishwa kutofautisha kimiminika na mvuke wake amepewa zaidi ya jibu la mtihani.

"Bomba", "pampu ya hewa" na "kumwaga"

Neno "bomba" tulilipata kwa Wareno, kama tulivyolipata "pipa" na "mvinyo". Limetutumikia kwa karne nyingi, na katika utumishi huo limejikusanyia maana nyingi: mashine ya kuvutia maji, njia ya chuma inayopitisha maji, na hata ule mlango wa kufungulia maji. Nyumbani hatudhuriki. Lakini mtu akimwambia mwenzake "Funga bomba!" mahali ambapo kileo kinapita kwa nguvu, atafunga nini? Akifunga mlango wa mbele ilhali mashine ingali ikisukuma, mpira waweza kufumuka. Tunapendekeza basi mgawanyo ambao mafundi wengi wanautumia tayari: pampu kwa mashine, bomba kwa njia ngumu ya chuma au plastiki, mpira kwa njia inayonyumbuka, na vali kwa mlango wa kufungulia na kufungia. Maneno manne kwa vitu vinne.

Mfano wa pili ni pampu inayoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Mfasiri mwenye haraka ataiita "pampu ya hewa", kwa kufuata mpangilio wa maneno ya kigeni. Lakini kwa kila Mswahili, pampu ya hewa ni ile ya kujazia baiskeli upepo, yaani pampu inayosukuma hewa ndani ya kitu. Mfanyakazi akidhani kwamba kazi yake ni kuijaza hewa ndani ya pipa ili kileo kisukumwe nje, atalitendea pipa la mbao jambo lisilotengenezewa. Pipa si chombo cha kuhimili shinikizo, na uso wake waweza kuruka. Heri jina refu lililo la kweli: "pampu iendeshwayo kwa hewa".

Mfano wa tatu ni kitenzi cha kazi yenyewe. Wafasiri wengi huandika "kumwaga pipa". Kumwaga ni kupoteza. Maji ya kufulia humwagwa. Tukilitumia neno hili kwa kazi, tutakosa neno la ajali: taarifa ikisema "lita 40 zilimwagwa", mkaguzi hatajua kama zilifika tangini au zilipotea sakafuni. Kwa afisa wa kodi tofauti hiyo ni fedha za umma. Kwa afisa wa usalama ni tofauti ya siku njema na siku ya msiba. Kiswahili kina utajiri wa kutosha hapa. Kumimina kuwe kutoa kwa kuinamisha chombo au kuelekeza tundu chini. Kufyonza kuwe kutoa kwa mrija na pampu. Kumwagika kubaki kwa ajali. Panapohitajika neno la kujumlisha njia zote mbili za kazi, "kutoa" linatosha.

Kipimo cha joto na "hali ya kawaida"

Maelezo mengi ya kigeni husema kwamba kileo kiwekwe katika "halijoto ya kawaida". Ni lazima tuulize: kawaida ya wapi? Kila kimiminika kinachoshika moto kina kiwango cha joto ambacho kikifikia, hutoa mvuke wa kutosha kuwaka ukiguswa na moto. Kwa kileo kisichochanganyika na maji kiwango hicho ni nyuzi 13 za Selsiasi hivi. Kwa kileo cha nguvu ya asilimia 60 ni karibu nyuzi 22. Kwa kile cha asilimia 40 ni karibu nyuzi 26. Katika ghala la Uskoti wakati wa baridi, pipa hukaa chini ya viwango vyote hivi. Katika bohari ya Dar es Salaam au Mombasa, hukaa juu yake karibu mwaka mzima. Maneno yaleyale, yaliyofasiriwa kwa uaminifu, yanasema kweli kule na kudanganya huku. Mfasiri asiseme "halijoto ya kawaida". Na adai tarakimu kutoka kwa mwenye matini, aiandike tarakimu hiyo.

Kiwango hicho twaweza kukiita "halijoto ya kuwakia". Kisichanganywe na kile kingine, kilicho cha juu zaidi, ambacho mvuke ukikifikia huwaka wenyewe pasipo moto wala cheche. Kiswahili hutenganisha mambo haya mawili kwa silabi moja: halijoto ya kuwakia na halijoto ya kujiwakia. Ni mfano mzuri wa jinsi sarufi yetu inavyoweza kufanya kazi ambayo lugha nyingine huifanya kwa maneno mazima.

Neno kwa watayarishaji wa zabuni: kileo huchanganyika na maji, na kwa hiyo huliharibu povu la kawaida la kuzimia moto. Panahitajika povu la namna ya pekee lihimililo kileo. Afisa akifupisha jina la bidhaa hiyo katika hati na kuandika "povu" tu, atanunua kitu cha bei nafuu kitakachoyeyuka siku kinapohitajika.

"Kizibo" au "nguruzi"?

Si kila uamuzi ni wa kufa na kupona. Mwingine ni wa busara tu. Kipande cha mti kinachoziba tundu la pipa tukiiteje? Mabaharia wetu wanalo neno nguruzi, yaani kipande kinachoziba tundu la chini la chombo cha baharini, lililowekwa ili maji yatolewe chombo kinapopandishwa pwani. Nguruzi hugongwa, hukazwa, na hutolewa kwa makusudi. Ni neno zuri, la asili, na linafanana na kitu chenyewe kuliko "kizibo", ambacho humkumbusha mtu chupa. Hata hivyo mfanyakazi wa Mwanza au wa Kisumu huenda hajawahi kulisikia, na maelezo ya usalama si mahali pa kumfundishia. Kwa hiyo tunapendekeza "kizibo" katika mabango na maagizo, na "nguruzi" katika vitabu vya ufundi, ambamo pana nafasi ya kulieleza na kulikuza.

Kwa upande mwingine, kuna maneno ya mapambo ambayo hayafai kuingia katika hati za serikali. Watu wa Uskoti hukiita kile kileo kinachopotea kwa kuvukiza kupitia mbao, ambacho hukadiriwa kuwa asilimia 2 hivi kwa mwaka, "fungu la malaika". Mfasiri wa hadithi na aandike hivyo kwa furaha. Lakini katika hesabu za ushuru malaika hawana leseni. Hapo paandikwe "upungufu wa mvukizo".

Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Pipa: chombo cha mbao chenye pete za chuma, cha kuwekea kileo.

Dramu: chombo cha chuma cha umbo la mviringo, chenye kazi hiyohiyo.

Kizibo, au nguruzi: kipande cha mti kinachoziba tundu la pipa.

Kinywa cha kujazia: ncha ya mpira inayoingizwa tunduni wakati wa kujaza.

Nafasi ya kutanukia: sehemu iachwayo juu ya kileo ndani ya pipa.

Hori la kumiminia: chombo kirefu kilicho wazi, kinachopokea kileo kutoka mapipani.

Mrija wa kufyonzea: mrija unaotoa kileo bila kuligeuza pipa.

Pampu iendeshwayo kwa hewa: pampu ya kimiminika inayopata nguvu zake kutokana na hewa iliyoshindiliwa.

Waya wa ardhi: waya unaopitisha umeme tuli hadi ardhini.

Tuta la kuzuilia: ukingo unaozuia kileo kilichomwagika kisienee.

Pipa lenye mvuke: pipa lililomiminwa au kufyonzwa lakini halijasafishwa.

Pipa lililosafishwa: pipa lililooshwa na kupimwa, likathibitishwa kuwa halina mvuke wa kileo.

Mapendekezo haya si amri. Mafundi walio kazini huenda wanayo maneno bora zaidi, nasi tutafurahi kuyapokea na kuyachapa. Ila jambo moja tungeomba lisisubiri mjadala. Msomaji yeyote ambaye ofisini, shuleni au kiwandani mwake mna bango lililoandikwa "mapipa matupu" juu ya vyombo vilivyokuwa na kileo, mafuta au dawa, na alishushe leo, aandike jingine.